Friji ya Dubai, shawa tatu zilizoungua, na mpangaji anayetaka kukata kodi

Shikamoo Fundi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, naishi Ilazo. Kwa mkopo wa SACCOS na kujibana miaka sita, mimi na mume wangu tumejenga nyumba nne ndogo kwenye kiwanja chetu, kila moja ina chumba, sebule, jiko na choo cha ndani, na LUKU yake. Mbili tumepangisha tupu kwa 180,000 kwa mwezi. Mbili zilizobaki dalali alinishauri niweke vitu. Alisema wanaokuja huku kikazi wamechoka kubeba makabati kutoka Dar, nitapata 250,000 bila ubishi. Nikamsikiliza, na kweli ya kwanza ilipata mtu ndani ya wiki.

Shida ni vitu vyenyewe. Friji nilinunua mtumba, nikaambiwa ni ya Dubai, kwa 280,000. Ilikuwa inang'aa kuliko ya kwangu ya ndani. Mwezi wa tatu ikaacha kugandisha, fundi akajaza gesi kwa 60,000. Baada ya wiki sita ikarudia yaleyale. Akaja fundi mwingine, akachukua 25,000, akasema kompresa inaelekea kufa. Mwezi wa saba ikazima moja kwa moja. Sasa iko barazani kwangu, kuku wanalala juu yake, na kijana wa vyuma chakavu ameifikia 30,000.

Shawa ya maji moto ndiyo usiseme. Nimebadilisha tatu kwenye nyumba hiyohiyo ndani ya mwaka na nusu, zote zimeungua. Hii ya sasa inafanya kazi, ila mpangaji anasema mara nyingine akigusa bomba linamtekenya mkono.

Mpangaji mwenyewe ni mtumishi, ana adabu zake, alilipa miezi sita mbele. Lakini amekaa miezi miwili bila friji na juzi amenitumia ujumbe kwamba kodi ijayo atakata 100,000. Mume wangu anasema haya ndiyo aliyoyakataa tangu mwanzo, tuwape nyumba tupu, hata balbu waje nazo. Mpwa wangu aliyeko Dar anasema nipande treni nishuke Kariakoo, ninunue kila kitu kwa bei ya jumla, na niongeze TV na mashine ya kufulia ili nipandishe kodi.

Nina 1,500,000 ya nyumba zote mbili. Duka moja hapa mjini lina friji mpya ya ukubwa uleule kwa 520,000, waranti mwaka mmoja. Za mtumba bado zipo za 300,000. Ninunue ipi? Au nimsikilize mume wangu?

Mwalimu wa Ilazo

*

Marahaba, Mwalimu.

Habari ya friji itasubiri. Ukimaliza kusoma aya hii, nenda ukazime breka ya ile shawa na umwombe mpangaji wako aoge kwa ndoo mpaka utakapopata fundi. Bomba likimtekenya mtu mkono, ujue umeme unavuja. Leo unatekenya, siku akiwa amelowa mwili mzima na miguu iko kwenye sakafu yenye maji, hutapata nafasi ya kumwomba radhi. Nimefanya kazi ya mafriji na umeme wa majumbani miaka mingi, na hili ndilo jambo pekee katika barua yako lililonifanya niijibu kabla ya barua zilizotangulia.

Sababu yake naidhania hata bila kufika. Shawa nyingi za bei rahisi zina elementi iliyo uchi, ule waya unaojikunja kama chemchemi umekaa ndani ya maji yenyewe. Mahali penye maji laini hupona. Dodoma maji yenu mengi yanatoka visima vya Mzakwe, na unayajua: sufuria ya chai inaota ukoko mweupe, sabuni haitoi povu. Maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na ukoko huohuo unaganda juu ya elementi, joto linakosa pa kwenda, waya unakatika. Zimekufa tatu kwa ugonjwa mmoja. Ukinunua ya nne ya aina ileile utaizika pia. Madukani zipo shawa zilizotengenezwa kwa ajili ya maji ya chumvi, waya wa elementi yake umevikwa gamba ili usigusane na maji. Bei iko juu kidogo. Itaje hivyo hivyo dukani, "ya maji ya chumvi", na usikubali nyingine hata muuzaji akiapa.

Ila shawa nzuri kwenye waya mbovu bado ni hatari. Shawa ya kilowati 5.5 inavuta karibu ampea 24. Soketi yako ya kawaida ni ya 13. Kama aliyefunga alichomoa waya kutoka kwenye soketi ya jirani, na vishoka, wale mafundi wasio na leseni, hufanya hivyo kila siku, basi ule waya ndani ya ukuta unapata moto kila mtu akioga. Shawa inataka laini yake peke yake kutoka kwenye bodi, waya mnene wa 4mm au 6mm, breka yake, na breka nyingine ile inayokata umeme papo hapo ukivuja. Na ethi, ule waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Ardhi ya Dodoma ni kavu sehemu kubwa ya mwaka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri, kwa hiyo usiridhike kuambiwa "ethi ipo". Fundi aipime kwa mita mbele yako. Tafuta mwenye leseni ya EWURA, mwombe akuonyeshe. Akinuna, mwache aende.

Angalia na tangi. Kama simtank yako imekaa chini kiasi kwamba maji yanatoka kama machozi, elementi inachemsha maji machache kupita kiasi na itaungua hata kama maji hayana chumvi. Inua tangi, au mwambie fundi aangalie kama bomba limeziba. Halafu kila baada ya mwezi au miwili, kile kichwa chenye matundu kifunguliwe na kulowekwa kwenye siki usiku mmoja. Kazi ya dakika tano, na mpangaji anaweza kuifanya mwenyewe ukimwekea chupa ya siki.

Sasa friji.

Mwalimu, gesi ya friji haiishi. Si kama ya mtungi wa kupikia. Imefungiwa ndani ya mabomba, inazunguka humohumo, na friji nzima inaweza kuishi na kufa na gesi ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua, pana tundu. Fundi wako wa kwanza alijaza gesi bila kutafuta tundu, yaani alijaza maji kwenye ndoo iliyotoboka akakudai 60,000. Gesi ikatoka tena taratibu, kompresa ikawa inafanya kazi mchana na usiku bila kufikia baridi, na inaelekea ndiyo maana ikazima. Huenda ile friji ilikuwa inaponyeka. Siku nyingine ukisikia neno "kujaza gesi", uliza kwanza: umeona wapi inapovujia? Asipokuwa na jibu, asifungue vifaa vyake.

Na kuna aliyeumia kimyakimya. Kompresa ya wati 120 isiyopumzika inakula karibu uniti 3 kwa siku. Friji nzima ya ukubwa huo hupumzika zaidi ya nusu ya muda, inakula kama uniti moja na kidogo. Tofauti hiyo mpangaji wako aliilipa kwenye LUKU yake kwa miezi kadhaa. Kumbuka hili tutakapofika kwenye ile 100,000 yake.

Tuje kwenye hesabu, wewe ni mwalimu. Ulitoa 280,000, ukaongeza 60,000 na 25,000. Jumla 365,000 kwa miezi 7, zaidi ya 52,000 kwa mwezi. Ile mpya ya 520,000 ikikaa miaka 5 tu, na ikitunzwa hukaa zaidi, ni chini ya 9,000 kwa mwezi. Kwa nyumba ya kupangisha usiulize kitu kinauzwa shilingi ngapi, uliza kila mwezi kitakugharimu shilingi ngapi hadi siku utakapokitupa. Nunua mpya.

Watu watasema nimewageuka wenzangu, maana mimi mwenyewe nimekula kwa mtumba miaka yote. (Na ninyi wa Dodoma mna bahati ya peke yenu, hata Mji wa Serikali unaitwa Mtumba.) Siupingi. Kitanda, meza, kabati, viti, nunua mtumba bila woga, mbao haina kompresa. Friji ya mtumba namruhusu fundi anayejua kuifungua, au mtu atakayekaa nayo mwenyewe na kuvumilia vituko vyake. Mpangaji havumilii, na hana sababu ya kuvumilia.

Ikitokea siku umebanwa na lazima iwe mtumba, zunguka nyuma ya friji usome kile kibati kabla ya kuangalia mng'ao. Kisomeke 220 hadi 240 volti, hezi 50. Za Dubai na Uingereza zinaendana na umeme wetu, hata plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Zilizotoka Japani ni za volti 100, za Marekani ni 115 na hezi 60, na hizo zitakudai transfoma ambayo mpangaji ataichomoa siku ya kwanza ili achaji simu. Ukiona R12 kwenye kibati, ondoka, hiyo ni gesi iliyopigwa marufuku zamani na friji yenyewe ni ya umri wa mpangaji wako. R134a au R600a ni sawa, ila R600a ni gesi inayowaka, fundi asikaribie na moto wa kulehemu kabla ya kuitoa. Kisha bana noti ya elfu moja kwenye mlango, uuvute. Ikitoka kirahisi, mpira wa mlango umechoka. Na mwambie muuzaji aiwashe, ukae hapo saa nzima ukipiga naye soga. Muuzaji asiye na saa moja ana kitu anachoficha.

Mpya nayo haijikingi yenyewe. Kinachoua friji mjini kwenu ni umeme kukatika na kurudi ndani ya sekunde chache. Kompresa ikizimwa ghafla inahitaji dakika kadhaa mgandamizo utulie, ukiilazimisha kuwaka papo hapo inakwama na kuchemka. Nunua friji gadi, kile kisanduku kinachokaa kati ya plagi na soketi na kusubiri kabla ya kuruhusu umeme. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na ya friji. Acha nafasi ya kiganja nyuma ya friji, na kila miezi michache pangusa vumbi la koili za nyuma kwa brashi. Vumbi la Dodoma silihitaji kukusimulia.

Kuhusu Kariakoo, mpwa wako ana nia njema. Kwa treni ya SGR utafika na kurudi siku hiyohiyo, lakini friji haitapanda na wewe. Itakuja kwa lori kilomita mia nne na hamsini, labda imelazwa ubavu chini ya magunia, mafuta ya kompresa yakiingia yasikotakiwa. (Ikifika imelazwa, isimamishe na uiache usiku mzima kabla ya kuiwasha.) Na ikigoma mwezi wa pili, waranti yako iko Kariakoo. Utailipia nauli ya kurudi? Punguzo la jumla lina maana ukinunua nyumba kumi kwa mpigo. Kwa friji mbili, nunua hapohapo mjini, kwenye duka linalokupa risiti ya EFD na kadi ya waranti iliyogongwa muhuri na kuandikwa namba ya friji yenyewe. Waambie unachukua mbili zinazofanana, uone watakavyoshuka. Chagua chapa ambayo fundi wa mtaani ameizoea na vipuri vyake anavijua. Ile ngeni yenye kioo na taa za bluu mwachie mwenye haraka ya kujionyesha.

Nasisitiza zinazofanana. Friji aina moja, shawa aina moja, bomba za sinki aina moja, kwa nyumba zote. Elementi moja ya akiba kabatini kwako inatosha nyumba zote, na fundi akishaifungua moja ameshazijua zote.

TV usiweke. Kila mtu ana yake, na ikipasuka kioo utagombana na mtu aliyekuwa rafiki yako. Mashine ya kufulia, kwa maji hayo na kwa mgao wa maji, hapana kabisa. Jiko weka lile la gesi la plate mbili la mezani, mtungi na mpira wake aje nao mpangaji, uwe mali yake na jukumu lake. Jiko la umeme litammalizia uniti, na akiwa kwenye daraja la matumizi madogo, lile la wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, atapoteza bei yake nafuu kwa ajili ya maharage.

Mume wako mpe heshima yake, ana nusu ya ukweli. Nyumba mbili tupu zinakulipa bila kelele na ziache hivyohivyo. Lakini hizi mbili zinakuletea 70,000 zaidi kila mwezi, 840,000 kwa mwaka kwa kila moja. Friji mpya, friji gadi, shawa ya chumvi na jiko dogo vinaweza kurudisha fedha yake ndani ya mwaka mmoja, na baada ya hapo 70,000 ni yako ukitoa ya fundi. Hesabu hiyo inasimama kwa sababu Dodoma ina watu wa kuja na kuondoka. Subiri Aprili, Bunge la bajeti likianza, uone simu za dalali. Ungekuwa mahali ambapo vitu vinakuongezea 20,000 tu, ningesema sikiliza mumeo.

Mpangaji wako. Alipanga nyumba yenye friji, akakaa miezi miwili bila friji. Kwa hesabu yako mwenyewe vitu ni 70,000 kwa mwezi, na friji ndiyo sehemu kubwa ya vitu hivyo. 100,000 kwa miezi miwili si uonevu, ukizingatia na zile uniti. Mkubalie, lakini muandike: karatasi moja, amekatwa kiasi gani, kwa ajili ya nini, wote wawili mmeweka sahihi. Hapohapo rekebisha mkataba. Kila kifaa kiandikwe na namba yake na kipigwe picha siku anapoingia. Kikichakaa chenyewe ni juu yako, akikivunja ni juu ya amana yake. Akuarifu siku hiyohiyo, wewe ulete fundi ndani ya siku utakazokubaliana, tuseme tano, na zikipita bila fundi kodi ipungue kwa kiwango kilichoandikwa. Na asilete fundi wake kufungua friji yako. Hicho kifungu cha mwisho usikisahau.

Fedha yako itumike kwa mpangilio huu: waya, breka na ethi za nyumba zote mbili kwanza, kisha shawa mbili, kisha friji moja ya mpangaji aliyepo na gadi yake. Friji ya pili nunua kama fedha itabaki, la sivyo ngoja. Mpangaji wa nyumba ya pili akilipa miezi yake ya mbele, inunuliwe siku hiyo, kabla hela haijapata kazi nyingine.

Lile gogo la barazani usimpe kijana wa vyuma kwa 30,000 bila kumwita fundi aitoe kompresa kwanza, aseme kama kweli imekufa, maana aliyekuambia hivyo alikuwa na dakika kumi tu. Ikiwa nzima, utaiuza peke yake au utaiweka akiba. Kabati linalobaki liweke stoo, linahifadhi mchele na unga kuliko gunia lolote. Ng'oa komeo na ule mpira wa mlango, watoto wasije wakajifungia humo wakicheza. Kuku watafute pengine.